Kichocheo cha Tumbo Kinapogoma: Pima Kwanza, Ndipo Uongeze

Karakana yetu iko Chikongola, Mtwara mjini: meza mbili, osiloskopu moja ya zamani (mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye skrini), na bakuli la maji ya chumvi linalotunzwa kwenye joto la nyuzi 37. Humo tunajaribu mfano wa kichocheo cha tumbo, yaani kile kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi na kutuma mapigo madogo ya umeme kwenye ukuta wa mfuko wa chakula, ili kupunguza kichefuchefu na kutapika kwa watu ambao tumbo lao limezubaa, wengi wao kwa sababu ya kisukari. Chetu ni cha mezani. Hakiingii mwilini mwa mtu, na chako utakachojaribu kwa kufuata maelezo haya kisiingie pia. Kifaa cha mwilini kina safari yake ya vipimo na vibali, na safari hiyo haina njia ya mkato.

Kosa moja nimeliona kwa kila kijana aliyepita hapa, na kwangu mwenyewe kabla yao: kifaa kikigoma, mkono unakimbilia kuongeza miliampea. Karibu kila mara shida haikuwa uchache wa umeme.

Namba za kushika kichwani ni hizi. Kifaa kinachojulikana zaidi, Enterra, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2000 kwa kibali maalumu cha kibinadamu. Mpangilio wake wa kuanzia ni mkondo wa miliampea 5, pigo lenye upana wa mikrosekunde 330, kasi ya hezi 14 (yaani mapigo 14 kwa sekunde), kuwaka sekunde 0.1 na kunyamaza sekunde 5. Tumbo lenyewe lina mdundo wa mawimbi 3 kwa dakika, unaoanzishwa na seli za Cajal, zilizopewa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Kwa hiyo hezi 14 haziigi mdundo wa tumbo hata kidogo. Inaaminika zinasemezana zaidi na neva. Wapo wabunifu wanaotaka kuushika mdundo wenyewe na kuuongoza, kwa mapigo marefu ya milisekunde 300 hivi, 3 kwa dakika. Ni njia mbili tofauti kabisa, na anayezichanganya ataona hesabu zake zote zinakataa. Tutaziona tena kwenye kapasita, kile kijenzi kinachohifadhi chaji na ambacho kila pigo hukipitia, na kwenye betri.

Skrini haionyeshi kitu

Kijana wetu mmoja aliwahi kufumua bodi nzima, akabadilisha chipu, akalehemu upya, kwa sababu osiloskopu ilimwonyesha mstari mnyoofu. Bodi haikuwa na kosa. Kichocheo huwaka sehemu ya kumi ya sekunde, kisha kinanyamaza sekunde 5 nzima. Katika ule muda mfupi kuna mapigo 2 tu, yaliyoachana kwa milisekunde 71. Osiloskopu ikiachwa ijichoree yenyewe, itakuchorea mstari mtupu mara mia kabla ya kubahatisha pigo moja. Iweke isubiri, ichore pale tu volti inapovuka kiwango ulichokipanga. Halafu hesabu hadi sita kabla ya kutangaza msiba.

Mtego wa pili ni ile klipu ya ardhi. Kifaa cha betri hakina uhusiano na ardhi. Osiloskopu iliyochomekwa ukutani inao. Ukiibana klipu kwenye elektrodi mojawapo, yaani moja ya zile ncha mbili zinazopeleka umeme kwenye tumbo, umeifunga elektrodi hiyo na ardhi ya jengo zima, na mawimbi ya umeme wa jengo yatapanda juu ya pigo lako. Tumia chaneli mbili, moja kwa kila elektrodi, kisha zitoe moja kwa nyingine. Sisi hili tulifunzwa na giza. Umeme ulikatika katikati ya kipimo, tukaazima osiloskopu ndogo ya mkononi inayotumia betri, na yale mawimbi ya hezi 50 tuliyokuwa tukiyafukuza wiki mbili yakatoweka. Pigo likasimama kama limechorwa kwa rula. Sasa umeme ukikatika hatulalamiki sana, tunapima.

Pigo limekatwa kichwa

Umepanga miliampea 5, kipimo kinaonyesha 3 na ushee, na juu ya pigo ni tambarare kama dari. Hapa ndipo watu huongeza hadi 7, na dari halisogei hata kidogo, kwa sababu kilichoisha ni volti.

Fanya hesabu ya shuleni. Miliampea 5 kupita kwenye omu 500 zinahitaji volti 2.5. Ukinzani ukifika omu 800, zinahitajika volti 4. Betri ya lithiamu ya volti 3 bila saketi ya kupandisha volti itaishia miliampea 3.75, na hakuna kitufe kitakachoibembeleza itoe zaidi. Na ukumbuke ukinzani wa siku ya kwanza si wa mwaka wa pili: mwili huifunika elektrodi kwa ngozi nyembamba ya kovu. Mbunifu anayepanga volti zinazotosha omu za leo tu anajipangia lawama. Acha nafasi. Sisi tunabuni kwa omu 1,500, yaani volti 7.5 kwa mkondo uleule, na hata hivyo tunakiambia kifaa kiandike kwenye kumbukumbu yake kila kinapogonga dari.

Umbo la pigo nalo linasema mengi kuliko kimo chake. Itazame volti kwa karibu: mkondo unapoanza, volti inaruka mara moja, kama mtu aliyepanda ngazi moja, kisha inaendelea kupanda polepole kwa mteremko hadi mwisho wa pigo. Mruko ule ni ukinzani wa waya na nyama. Mteremko ni chaji inayojikusanya kwenye kapasita na kwenye uso wa elektrodi. Mruko ukiongezeka, chunguza waya, kiungo au kovu. Mteremko ukiongezeka huku mruko ukibaki vilevile, waya hauna kosa. Ama uso wa elektrodi umepungua, ama kapasita imenyauka.

Kunyauka si neno la mzaha. Zile kapasita ndogo za kauri zilizoandikwa mikrofaradi 10 zinaweza kubaki na nusu, au chini ya hapo, zikikaliwa na volti. Kwa mikrofaradi 10 za kweli, miliampea 5 kwa mikrosekunde 330 hupandisha volti 0.165 tu. Ukiona 0.4, umeuziwa jina.

Ukinzani unapanda, unashuka, unacheza

Hii ndiyo sura ndefu, maana makosa mengi hujificha hapa.

Anza kwa kuondoa nyama. Weka resista ya omu 500 mahali pa elektrodi. Kipimo kikitulia, kifaa hakina kosa na shida iko mbele yake. Kikiendelea kucheza, achana na waya, rudi kwenye bodi. Ni jambo la dakika moja, na limetuokolea siku nyingi.

Kisha pima mara tatu: elektrodi ya kwanza na ya pili, ya kwanza na kopo la kifaa (ganda lake la nje la chuma), ya pili na kopo. Tuseme kati ya elektrodi mbili ukinzani ni maelfu ya omu, kati ya ya kwanza na kopo vilevile maelfu, lakini ya pili na kopo inasoma kawaida. Waya wa elektrodi ya kwanza umekatika, au skrubu yake kwenye kiungo haikukazwa. Skrubu ndiyo ya kukagua kwanza, maana watu huona aibu kuanza na jambo dogo. Ukikuta kinyume chake, ukinzani wa elektrodi mbili umeporomoka kupita kiasi, tafuta maji ndani ya kiungo au nyaya mbili zinazogusana chini ya ngozi ya plastiki iliyosuguliwa.

Ukinzani unaocheza, mara 500, mara 4,000, mara 500 tena, ni waya uliokatika nusu. Ncha zake zinagusana na kuachana. Usiuvute. Ukunje polepole kipande kwa kipande huku kifaa kinapima, na uanzie unapotoka kwenye kopo. Mvuvi yeyote wa Mikindani atakwambia kamba ya nanga haikatiki katikati. Hukatikia pale inapokunjwa na kusuguana na chuma. Waya wa kichocheo una tabia hiyohiyo. Tumbo likijikunja mara 3 kwa dakika, kwa mwaka ni zaidi ya mara milioni 1.5. Pumzi, kwa mara 15 za dakika, inausukuma karibu mara milioni 8. Ndiyo maana waya wa kweli husokotwa kama springi, na pale unapotoka kwenye kopo huvalishwa shingo ya silikoni inayolegea kidogo kidogo, ili mkunjo ugawanyike badala ya kukaa sehemu moja. Mfano wetu wa kwanza ulikuwa na waya mnyoofu uliogandishwa kwa gundi ngumu. Tuliufunga kwenye mota ya kuukunja, ukakatika usiku wa kwanza, milimita 2 kutoka kwenye gundi. Gundi tuliyoiweka ili kuulinda ndiyo iliyoukata.

Upo pia mkono wa mwenyewe. Wako watu wanaokizungusha kifaa chini ya ngozi kwa vidole bila hata kujua. Kwa vifaa vya moyo tabia hiyo iliandikwa na madaktari tangu mwaka 1968. Eksirei huonyesha waya umejisokota kama kamba ya kitanda. Dawa yake katika ubunifu ni matundu ya kushonea kopo lisigeuke, pamoja na umbo lisiloalika vidole.

Kuhusu majaribio ya nyama: tunatumia tumbo la mbuzi kutoka kwa mchinjaji wetu, ambaye siku hizi akiniona huuliza, "Fundi, leo la supu au la umeme?" Mbuzi ana matumbo manne, na yale ya taulo na lile lenye kurasa kama kitabu hayakufai. Omba la nne, laini, lenye kufanana zaidi na la binadamu. Usilioshe kwa maji ya bomba, ukinzani utapanda na utahangaika bure. Tumia maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita. Na usiliache kutwa kwenye joto letu hili. Seli zikishapasuka ukinzani unateremka wenyewe, na fundi asiyejua atasherehekea kwamba elektrodi zake zimekuwa bora mchana kuliko asubuhi.

Mapovu kwenye bakuli

Mwaka juzi niliinamia bakuli nikitafuta bisibisi iliyodondoka, nikaona kitu ambacho skrini haikunionyesha: kwenye elektrodi moja kulikuwa na shanga za mapovu madogo, zimejipanga kama jasho juu ya mtungi. Elektrodi ya pili ilikuwa na utando wa kahawia. Osiloskopu ilikuwa inaonyesha mapigo mazuri kabisa.

Mapovu maana yake maji yanavunjwa. Utando wa kahawia ni chuma kinayeyuka, na chuma hicho kingekuwa mwilini kingeyeyukia kwenye ukuta wa tumbo la mtu. Chanzo ni chaji isiyorudishwa. Kila pigo la miliampea 5 kwa mikrosekunde 330 hubeba mikrokulombu 1.65, na zote lazima zirudi kwa pigo la kinyume au kwa kuziunganisha elektrodi mbili baada ya pigo ili kapasita ijimwage. Kwetu swichi ya kumwaga ilikuwa imeungua. Mapigo yalitoka, lakini hayakurudi.

Ukiona dalili hii, zima kwanza, usiendelee kupima kwa udadisi. Kagua swichi ya kumwaga, kisha muda wa kumwaga. Mikrofaradi 10 na omu 500 huhitaji milisekunde 5 kupungua hadi theluthi moja na kidogo, kwa hiyo milisekunde 25 zinatosha kumaliza karibu chote, na hezi 14 zinaacha nafasi hiyo bila shida. Ila mtu akipandisha kasi hadi hezi 100 kwa majaribio, nafasi ni milisekunde 10 tu, na asilimia 13 hivi ya chaji inabaki kila mara. Inajilimbikiza taratibu kama deni la duka. Pima mkondo wa wastani unaobaki: wabunifu wengi hujiwekea lengo la chini ya nanoampea 100.

Kuhusu chuma, waya wa chuma cha pua wa dukani unafaa kwa kujifunza makosa, si kwa zaidi ya hapo. Elektrodi za kweli ni za platinamu iliyochanganywa na iridiamu.

Sasa ile njia ya pili, ya mapigo marefu. Miliampea 4 kwa milisekunde 300 ni mikrokulombu 1,200. Ukizipitisha kwenye mikrofaradi 10, zingehitaji volti 120. Haiwezekani. Anayechukua saketi ya mapigo mafupi na kubadilisha muda tu kwenye programu atapata pigo linalokufa kabla halijafika mbali, na atadhani programu ina kosa. Kapasita ndiyo inayokataa, na inakataa kwa haki.

Betri imekufa kabla ya wakati

Lawama ya kwanza huangukia mapigo. Hesabu haikubali. Mapigo 2 ya mikrokulombu 1.65 kila sekunde 5.1 ni wastani wa mikroampea 0.65. Betri ya ampea-saa 1 ingebeba mzigo huo miaka na miaka hadi ioze yenyewe. Anayekula ni mwingine, na mara nyingi ni redio ya mawasiliano. Redio inayoamka milisekunde 10 kila sekunde ikitumia miliampea 10 hula wastani wa mikroampea 100, na betri ileile haimalizi siku 420. Iamshe kwa sumaku, au mara moja kwa dakika. Baada ya redio, kagua miguu ya chipu iliyoachwa ikielea bila kuunganishwa popote, inanyonya kimyakimya. Chipu inayolala kwa mikroampea 20 inakupa miaka 5 na nusu hivi.

Kwa mapigo marefu hadithi inageuka: mikrokulombu 1,200 kila sekunde 20 ni mikroampea 60, na kabla hujahesabu hasara ya kupandisha volti umeshaishia chini ya miaka 2. Hapo ndipo mtu anapoanza kufikiria betri ya kuchaji kupitia ngozi.

Maji yameingia

Yataingia. Epoksi na silikoni hupitisha mvuke, hata zikiwa nene. Vinavyozuia ni chuma, kioo na kauri, ndiyo maana vifaa vya kweli hukaa ndani ya kopo la titaniamu lililochomelewa kwa leza na kukaguliwa kwa gesi ya heliamu. Kwa mfano wa mezani silikoni inatosha, mradi ishike bodi kila mahali, kwa sababu mvuke hugeuka maji pale tu penye nafasi. Hapa kwetu adui ni chumvi ya hewa ya bahari na jasho la vidole. Bodi iliyolala usiku mmoja mezani karibu na dirisha la upande wa Shangani ina chumvi juu yake, na chumvi chini ya silikoni huvuta maji hadi inatumbuka kama lengelenge. Safisha kwa spiriti, kausha, funika siku hiyohiyo.

Misuli inarukaruka pembeni ya kifaa

Mgonjwa mwenye kifaa cha kweli akisema anapigwa shoti chini ya ngozi, umeme umepata njia fupi. Ama ganda la waya limepasuka karibu na kopo, ama kifaa kimepangwa kurudisha mkondo kupitia kopo badala ya elektrodi ya pili, ama elektrodi imehama kutoka tumboni. Hapa hakuna cha kujaribu. Kinazimwa, anapelekwa kwa daktari, anapigwa eksirei. Na kabla ya kipimo chochote cha MRI, wataalamu wajue kifaa ni cha aina gani na mtengenezaji anaruhusu nini, maana waya mrefu huweza kupokea mawimbi ya mashine hiyo na kupasha nyama joto.

Kifaa kizima, mgonjwa bado anatapika

Hapa ndipo mkono unawasha zaidi kuongeza. Kwanza jiulize ulikuwa unasubiri nini. Katika jaribio la watu 33 lililochapishwa mwaka 2003, kutapika kulipungua kifaa kikiwa kimewashwa kuliko kikiwa kimezimwa. Jaribio kubwa zaidi la Ufaransa, la watu 172, lililochapishwa mwaka 2020, lilionyesha vilevile kwamba kutapika kunapungua, lakini tumbo halikutoa chakula kwa kasi zaidi. Kwa hiyo anayepima mafanikio kwa jinsi tumbo linavyojisafisha atasema kifaa kimeshindwa hata siku ambayo mgonjwa amelala bila beseni pembeni ya kitanda. Hesabu matapishi. Hilo ndilo linalobadilika.

Anayenasa mawimbi ya tumbo kwa elektrodi za juu ya ngozi asijidanganye pia: mawimbi 3 kwa dakika ni ya tumbo, 12 hadi 20 ni pumzi, 60 na kuendelea ni moyo. Nimewahi kuonyeshwa kwa furaha "tumbo lililoharakishwa" ambalo lilikuwa kijana anayehema kwa sababu alipanda ngazi.

Mengine yako nje ya kifaa. Sukari ikipanda, tumbo linazubaa zaidi, kifaa kiwe kinafanya kazi au hakifanyi. Chakula chenye nyuzi nyingi hukaa humo. Mtu aliyekula ming'oko, ile mizizi ya porini, jana jioni anaweza kuirudisha leo mchana ikiwa bado na sura yake. Zipo dawa za maumivu zinazolegeza tumbo. Na elektrodi zina mahali pake: kwenye mkunjo mkubwa wa tumbo, kama sentimita 10 kutoka mlango wa kutokea chakula, ndani ya msuli, bila kutoboa utando wa ndani. Ikitoboa, inakutana na asidi na vijidudu, ndiyo sababu wapasuaji huchungulia kwa kamera ya kupitia mdomoni kabla ya kufunga.

Kwa hiyo soma kumbukumbu ya kifaa kwanza. Ukinzani ukiwa uleule wa tangu upasuaji, dari la volti halijagongwa na betri iko sawa, fundi amemaliza yake. Andika namba hizo kwenye karatasi, mpe daktari pamoja na vipimo vya sukari vya wiki mbili, na kitufe cha miliampea kiache mikononi mwake.